Korongo la Mbayuwayu: Kinywa cha Cliffy

Msomaji, kama wiki nzima umekuwa ukijiuliza mzee Pruett amepotelea wapi, shusha pumzi. Hajaanguka wala hajaliwa na kitu. Amelala.

Tulipoachana, Darryl, kiongozi wa msafara, alikuwa amehesabu wageni wake kando ya bwawa akakuta mmoja hayupo. Dereva wake, Cliffy, akamwambia amemwona mzee huyo kwa macho yake mawili akiingia Koo, ule mpasuko mwembamba ulio mwisho wa korongo, ambapo miamba imebanana hadi mtu mnene hupita ubavu. Darryl hakuuliza mara mbili. Mgeni aliyepotea ni mgeni wake. Alikaza kamba za viatu, akavuka bwawa, akaingia.

Sasa twende juu, kwenye mwinuko ambapo basi huegeshwa. Hapo ndipo Bi Maudie, mpishi wa msafara, alipokuwa akigeuza mkate kwenye majivu na kuvizia kopo la chai lisichemke likazima moto. Mkia wa kangaruu ulikuwa karibu kuiva. Alikwenda kwenye basi kuchukua chumvi, na kwenye kiti cha nyuma kabisa akaona kofia ya majani, na chini ya kofia mtu anakoroma.

Alimtikisa. Mzee Pruett alifumbua macho na kuanza kujitetea kabla hajaulizwa. Goti lilimzidi akiwa njiani kwenda bwawani, akarudi. Yule kijana dereva ndiye aliyemfungulia basi, akamwambia ajinyooshe, yeye atawaarifu wenzake. Kijana mwenye adabu sana, alisema mzee.

Bi Maudie alibaki na kopo la chumvi mkononi. Kelele za bwawani zilikuwa zimemfikia hadi juu, kwamba Cliffy amemwona mzee akiingia Koo na Darryl amemfuata. Cliffy alikuwa anajua. Alikuwa anajua tangu mwanzo, na bado akamtuma mtu Koo kumtafuta aliye kwenye kiti cha nyuma.

Halafu akatoka nje ya basi, akatazama mashariki.

Juu ya korongo mbingu ilikuwa inang'aa kwa jua, hakuna hata wingu la kumfaa mjusi. Lakini kule mbali, juu ya vilima ambako mto huu unaanzia, kulikuwa kweusi. Mvua ilikuwa inanyesha huko, tena si ya masihara. Upepo ulimletea harufu ya udongo uliolowa, na kasuku weupe waliokuwa wakipiga soga kwenye miti ya bwawani waliruka wote pamoja wakaenda zao. Aliye Koo haoni hayo. Aliye Koo anaona kipande cha mbingu chenye upana wa mkanda, na kipande hicho siku ile kilikuwa cha buluu safi.

Kila aliyezaliwa kule anajua maji ya mto yanavyokuja. Hayapigi hodi. Yanajikusanya vilimani, yanashuka, na yakifika Koo hayana pa kujitanua isipokuwa kwenda juu.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungekimbia ukingoni ukapiga kelele, Darryl, toka. Bi Maudie hakuweza, na sababu yake ni kwamba Darryl alikuwa amemwoa binti yake, Shantelle.

Kwao mkwe ni mkwe kweli. Mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani, hawasemeshani, hawapeani hata kijiko mkononi, wala hawatajani majina. Ukimwona anakuja, unageuza uso na kumpisha njia. Chuki haimo humo hata kidogo. Ndiyo heshima ya juu kuliko zote walizo nazo, na mtu huzaliwa nayo kiasi kwamba miguu hugeuka yenyewe kabla kichwa hakijafikiri.

Basi hawa wawili walifanya kazi msafara mmoja, na kila neno lililotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine lilipita kwa Cliffy. Mwambie chumvi imekwisha. Mwambie mama tunaondoka. Cliffy alikuwa mtoto wa dada yake Bi Maudie, aliyelelewa na Bi Maudie mwenyewe baada ya dada kufariki, kwa hiyo nani angefaa kuliko yeye? Ndiye aliyemletea habari kwamba mkate wake unawapa wageni kiungulia. Na ndiye aliyemletea ile habari nyingine, iliyomliza jikoni peke yake, kwamba Darryl hataki bintiye, Kirra, apelekwe kwa bibi yake.

Bi Maudie aliyameza yote. Angemuuliza nani?

Alimkuta Cliffy nusu ya njia ya kushuka bwawani, amekaa kwenye jiwe, anajichokonoa meno. Alimwambia upesi upesi kwamba mzee yuko kwenye basi, kwamba mvua imeshika vilimani, na kwamba amkimbilie mume wa Shantelle amtoe Koo sasa hivi. Hakumuuliza kuhusu uongo wake. Hayo yangesubiri.

Cliffy aliinuka bila ubishi. "Sawa, mama mdogo. Naenda." Akapotea nyuma ya mwamba mkubwa ulioziba bwawa lisionekane.

Bi Maudie alisimama akisubiri. Mbwa wake, Tinka, aliyemfuata kila mahali hata chooni, alikaa miguuni pake akipiga miayo. Cliffy akarudi. Alisema amemfikishia ujumbe, na Darryl amejibu kwamba hawezi kuambiwa na mpishi namna ya kufanya kazi yake, atatoka akimaliza.

Jibu hilo lilimchoma, kama majibu yote ya Darryl yalivyomchoma siku zote. Alikaribia kugeuka arudi kwenye majivu yake. Kisha macho yakaangukia suruali ya Cliffy.

Ilikuwa kavu.

Huwezi kufika Koo bila kuvuka bwawa, na bwawa ukilivuka, maji yanakufika mapajani. Suruali ya Cliffy ilikuwa kavu hadi pindo. Viatu vyake vilikuwa na vumbi.

"Hukwenda," alisema Bi Maudie.

Cliffy alijitazama miguu, akacheka kidogo.

"Hukwenda, Cliffy. Umekaa nyuma ya mwamba umenitungia maneno."

Ninyi mliomwonea huruma Cliffy tangu hadithi hii ianze, mkaniandikia kwamba namwonea yatima, msikilizeni sasa mtoto wenu.

"Hili korongo ni la mama yangu," alisema, taratibu, kama anayezungumzia hali ya hewa. "Ni lako na la mama yangu. Mimi ndiye niliyepaswa kutembea mbele ya wageni. Akaja mtu wa kuja, akaoa, akavishwa kofia ya kiongozi, na mimi nikapewa usukani na begi la taulo. Hukusema kitu, mama mdogo. Mwenye nyumba ni wewe, na ulinyamaza."

Bi Maudie alimwambia kwamba hayo watayazungumza nyumbani, mbele ya watu wote, amlaumu atakavyo. Sasa avuke maji. Alimsihi kwa jina la mama yake. Alimkumbusha mgongo uliombeba.

Cliffy alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo Bi Maudie hatalisahau.

"Si una mdomo? Mwite mwenyewe mkweo."

Akampita, akashuka kwa wageni. Alipiga makofi, akawatangazia kwa sauti ya uongozi kwamba mvua imeonekana mbali, kwa usalama wao wote wapande kwenye basi mara moja, yeye atarudi kumchukua Darryl. Wageni walikusanya taulo na viatu na kumshukuru. Bi Pruett alikuwa akilia kwa ajili ya mumewe, na Cliffy akamshika mkono akamwambia kwamba anahisi mzee amekwisha kurudi juu. Ndiyo, shujaa wetu alihisi.

Bi Maudie alimkimbilia mama huyo kwenye njia, akamshika kiwiko. Alimwomba amwite kiongozi. Asimame tu pale penye ncha ya bwawa apaze sauti, amwambie atoke, mumewe kapatikana.

Bi Pruett alimtazama asielewe. "Lakini wewe upo hapa," alisema. "Kwa nini usimwite wewe?"

Cliffy akaingia kati kwa upole mwingi. Alimweleza mgeni kwamba mama amechanganyikiwa kidogo na joto, ni mtu mzima sasa, na kwamba sehemu ile wageni hawaruhusiwi. Bi Pruett akampapasa Bi Maudie begani kwa huruma, kama unavyompapasa mgonjwa, akapanda zake kwenda kumwona mumewe. Alimwona. Alifurahi. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu Koo.

Bwawani walibaki mwanamke na mbwa.

Bi Maudie alikunja gauni akaingia majini. Alikuwa na miguu mibaya, na mawe ya chini yalikuwa na utelezi, lakini alivuka. Tinka aliogelea kando yake akipiga chafya. Kwenye mlango wa Koo maji yalikuwa vifundoni. Alipoyatazama aliona yamebeba majani makavu na povu, na rangi yake ilikuwa imeanza kugeuka.

Aliingia. Alipita ubavu, mgongo kwenye mwamba huu, kifua karibu na ule. Baada ya kona ya kwanza alimwona. Darryl alikuwa mbele, ameinama, anachungulia chini ya jiwe kumtafuta mzee ambaye wakati huo alikuwa juu anapewa chai. Maji yalikuwa yamemfika kwenye mashavu ya miguu, na alikuwa akiyatazama kwa wasiwasi. Alishajua. Kilichombakisha humo ni mgeni wake.

Darryl alisikia maji yakipigwa nyuma yake. Akageuza kichwa akidhani ni Pruett, akaona ni nani.

Je, alifanya nini? Alifanya alichofundishwa na mama yake kabla hajajua kutembea vizuri. Alivuta kofia machoni, akageuza uso, na kwa kuwa pale hapakuwa na pa kumpishia, akaenda mbele. Ndani zaidi.

Bi Maudie akapiga hatua kumfuata. Darryl akapiga hatua kumkwepa. Mwanamke akaharakisha, na mwanamume naye akaharakisha, mabega yakikwaruza mwamba, kichwa kimeinama kwa adabu. Kila hatua aliyopiga kumwokoa ilimsukuma mkwe wake ndani.

Alipolielewa hilo alisimama ghafla. Angemfukuza mpaka mwisho wa Koo kwa mguu wake mwenyewe.

Hapo ndipo alipomtazama Tinka.

Kuna ruhusa ndogo ambayo wazee waliiacha. Mkwe husemi naye, lakini mbwa unaweza kusema naye, na kama mkwe yuko karibu na ana masikio, hilo ni lake.

"Tinka," alisema Bi Maudie kwa nguvu, na mwamba ukairudisha sauti. "Tinka, mwanangu, yule mzee tunayemtafuta amelala kwenye basi. Hakuingia huku. Mvua imeshika vilimani na maji yanakuja. Mtu yeyote aliyeko huku, atoke."

Darryl alisimama. Uso aliuelekeza ukutani. Kisha naye akasema na mbwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka na jambo la siku nyingi.

"Tinka, muulize mama. Si yeye aliyesema niingie?"

Bi Maudie alitikisa kichwa, lakini Darryl hakuwa akimtazama.

"Cliffy aliniambia ni agizo lake," Darryl alimwambia mbwa. "Mama kasema uingie, usitoke bila mgeni, usije ukaliaibisha korongo letu. Nikaingia. Najua hanitaki, Tinka. Tangu aliposema mtoto wangu hana damu yake, asiletwe kwake, nilijua. Lakini akisema niingie, naingia."

Simulia wewe maumivu ya mama huyo, mimi yananishinda. Mtoto yule yule. Kirra, aliyemshonea gauni akalikunja kwenye sanduku kwa sababu aliambiwa baba yake amemkataza kuja. Baba naye alikuwa na mtoto nyumbani, anajiuliza ni bibi wa namna gani asiyetaka kumwona. Kati yao alikaa mtu mmoja, anajichokonoa meno.

Alitaka kujibu, lakini maji yalikuwa magotini na hapakuwa na nafasi ya mazungumzo. Alimwambia Tinka watoke, watazungumza nje. Aligeuka ili atangulie, kwa sababu Darryl asingeweza kumpita bila kumgusa. Alipiga hatua chache za haraka kuliko miguu yake ilivyomruhusu. Jiwe likabingirika, mguu ukazama katikati ya mawe mawili, ukabanwa.

Alivuta. Haukutoka. Alivuta tena, na maumivu yakamfumba macho.

Maji yakafika kiunoni mwake. Yalikuwa mekundu sasa, na mazito. Tinka alikuwa amepanda kwenye kijukwaa cha mwamba, anabweka.

Nyuma yake Darryl alikuwa amesimama, mikono imetandazwa kwenye miamba. Njia ya kutoka ilikuwa moja, na kwenye njia hiyo kulikuwa na mama mkwe wake. Ili atoke ilimbidi amguse. Ili amwokoe ilimbidi amkumbatie. Bi Maudie alisikia pumzi zake, na alijua mkwe wake anafikiri kitu kile kile, na kwamba ikibidi atakufa pale amesimama kwa adabu kuliko kumwekea mkono.

"Tinka," alisema, na machozi yalimtoka. "Mwambie anisamehe. Mwambie anishike."

Darryl aliweka uso wake kando, akazama. Bi Maudie aliihisi mikono ikishika kifundo chake, ikitikisa jiwe, ikilisukuma. Mguu ukachomoka, ngozi ikachubuka. Darryl akaibuka akikohoa, na bila kumtazama akainama tena, akampandisha mabegani. Mama mkwe juu ya shingo ya mkwe. Kama mtu wa kwao angewaona, angefunika macho.

Sauti ilianza hapo. Ilitoka mbali, upande wa juu wa Koo, nzito, haikatiki. Waliozaliwa kule hawaulizi ni sauti ya nini.

Kisha kamba ikadondoka mbele ya uso wa Bi Maudie.

Juu, kwenye ukingo wa mwamba, Cliffy alikuwa amelala kifudifudi anachungulia. Ile ilikuwa kamba ya basi, nene, ya kukokotea magari. Alikuwa ameifunga kwenye mti, na uso wake ulikuwa umejaa upendo wa mwana.

"Mama mdogo, jifunge kiunoni," alisema. "Nitakuvuta. Nimewaambia wageni nitakuja na wewe."

Bi Maudie aliishika kamba. Alisema atajifunga, na kwamba akishafika juu watamvuta na aliye chini.

Cliffy alimgeukia Darryl, na kwa sauti ile ile ya kila siku, ile ya chumvi imekwisha na basi linaondoka, akasema:

"Darryl, mama anasema umfunge kamba, halafu urudi nyuma usiishike. Anasema wewe ubaki."

Bi Maudie alikuwa pale pale. Kinywa chake kilikuwa kimefungwa. Cliffy hakusubiri hata aseme neno ili aligeuze. Aliliumba mbele yake mchana kweupe, na ndipo mama huyo alipojua kwamba katika miaka yote ile huenda hakuna neno lake hata moja lililowahi kufika.

Chini yake alihisi mabega ya Darryl yakitulia. Mikono ya mkwe wake ikaanza kumzungushia kamba kiunoni, kwa uangalifu, fundo la kwanza, fundo la pili. Alikuwa anatii.

Bi Maudie alikamata kichwa cha Darryl kwa mikono miwili.

"Darryl," alisema.

Mwili mzima wa yule mwanamume ulishtuka. Jina lake halikuwa limewahi kupita kwenye midomo ile.

"Darryl, ni mimi nasema, si mwingine. Sijasema ubaki. Sijawahi kusema hata moja katika yale."

Darryl aliinua uso. Walitazamana. Bi Maudie aliona macho ya Kirra, yale yale, yamejaa maji mekundu na mshangao.

"Hata lile la mtoto?" aliuliza Darryl.

"Hata lile la mtoto. Gauni lake liko kwangu."

Darryl alilia, tena kwa sauti, na akaishika kamba kwa mkono wake mmoja juu ya fundo la mama mkwe wake, akaikaza. Wangepanda wote au wasingepanda.

Maji yalikuwa kifuani mwake. Sauti ya mto ilikuwa imefika kona ya mwisho. Wote wawili waliinua macho kumtazama Cliffy, na Cliffy, ambaye tangu utoto hakukosa neno la kumpelekea mtu, aliwatazama asiwe na la kusema.

Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kisu, akageuka kuutazama mti.